Hakuwahi kuonja chang'aa: makovu ya ini yametoka wapi?

Mtu akivimba tumbo huku Kisumu, miguu ikajaa maji na macho yakageuka manjano, majirani huwa wameshatoa hukumu kabla maabara haijafungua mlango. Akiwa mwanamume, ni chang'aa. Akiwa mama wa kanisa ambaye hata busaa ya matangani hajaionja, basi alikuwa akinywa kwa siri, au kuna mkono wa mtu. Hospitalini maswali ni yale yale, ila huulizwa kwa upole: Unakunywa pombe? Umewahi kuwa na homa ya ini aina ya B? Ya C? Majibu yote yakiwa hapana, faili huandikwa sirosisi, yaani makovu ya ini, isiyojulikana chanzo, naye mgonjwa hupewa dawa za kupunguza maji akarudi nyumbani asijue ni nini kilichomla ini.

Faili nyingi za aina hiyo zina jibu, na mara nyingi jibu lenyewe limelala kwenye kadi ya kliniki ya kisukari na presha, ile iliyokunjwa ndani ya karatasi ya nailoni juu ya kabati. Kitambi, sukari na presha vinaweza kumfikisha mtu kwenye makovu ya ini bila tone la pombe. Kinachowachanganya watu, madaktari wakiwemo, ni kwamba vikishamfikisha huko havionekani tena.

Tuanze na sirosisi yenyewe, kwa ufupi. Ini likijeruhiwa hujitengeneza, na jeraha likirudiwa rudiwa huacha kovu. Miaka ikipita makovu hukutana, yakaligawa ini kuwa vinundu vinundu. Damu inayotoka matumboni kuelekea kwenye ini hukosa njia. Presha hupanda katika mshipa unaoileta, bandama huvimba, maji huvuja tumboni, na mishipa ya umio, njia ya chakula kuelekea tumboni, hututumka hadi siku ipasuke na mgonjwa atapike damu. Yote hayo ni kazi ya kovu, na kovu halitaji aliyelisababisha. La pombe, la virusi na la mafuta yakikomaa huweza kufanana hata chini ya darubini.

Sasa mafuta. Ini huhesabiwa kuwa na mafuta pale zaidi ya asilimia 5 ya seli zake zinapoonekana zimebeba matone ya mafuta. Ukiuliza yametoka wapi, wengi watakuonyesha samaki wa kukaanga wa ufukweni Kisumu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005, ambamo mafuta yalitiwa alama na kufuatiliwa mwilini, ulitoa picha nyingine. Kwa watu wenye ini la mafuta, karibu asilimia 60 ya mafuta hayo yalitoka kwenye akiba ya mwili wenyewe, karibu robo yalitengenezwa na ini lenyewe kutokana na sukari na wanga, na asilimia 15 tu ndiyo yaliyotoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula. Samaki anasingiziwa.

Anayeendesha haya ni usugu wa insulini. Kwa kawaida insulini huziamuru seli za mafuta zishikilie akiba yake. Seli hizo zikishajaa kupita kiasi huanza kuipuuza amri, mafuta humwagika kwenye damu usiku na mchana, na ini huyapokea kwa wingi. Kongosho nalo, likiona sukari haishuki, huongeza insulini. Insulini hiyo ambayo misuli haiisikii tena bado ina nguvu ya kulihimiza ini litengeneze mafuta zaidi. Hapo ongeza chai ya maziwa ya alfajiri yenye vijiko vinne vya sukari, nyingine ya saa nne na mandazi, nyingine ya jioni, na soda katikati jua likiwa kali. Nusu ya sukari tunayotia kwenye chai ni fruktosi, na sehemu kubwa ya fruktosi huishia kuchakatwa na ini. Sisi tunaishi kwenye ukanda wa miwa, Chemelil, Muhoroni hadi Mumias, na mwenyeji anayemhesabia mgeni vijiko vya sukari huonekana mchoyo. Sishangai tulikofika.

Mwili unaopita njia hii hutoa ishara nyingine mbali na ini. Mwaka 1988 daktari Mmarekani Gerald Reaven alieleza kwamba presha ya juu, sukari inayopanda na mafuta mabaya ya damu mara nyingi humkuta mtu mmoja kwa pamoja kwa sababu mzizi wao ni huo usugu wa insulini. Leo mkusanyiko huo huitwa sindromu ya kimetaboliki. Kipimo kilichokubaliwa na mashirika kadhaa ya kimataifa mwaka 2009 kina mambo matano, na mtu akiwa na matatu huhesabiwa kuwa nayo: kiuno kipana, presha ya 130/85 au zaidi, sukari ya kufunga ya 5.6 au zaidi, trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) za 1.7 au zaidi, na kolesteroli nzuri iliyo chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke, zote kwa milimoli kwa lita. Anayetumia dawa za presha au kisukari huhesabiwa hata kama vipimo vyake vya leo ni vizuri. Kiuno kwetu Waafrika kimewekwa sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, viwango vilivyoazimwa kutoka kwa Wazungu hadi vya kwetu vipatikane. Sentimita 80 si nyingi. Fundi yeyote wa nguo pale soko la Kibuye atakuambia wateja wake wangapi wamezipita.

Na hili si jambo la matajiri wa mtaa wa Milimani peke yao. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu robo ya Wakenya watu wazima walikuwa na presha ya juu, na karibu wanawake 4 kati ya 10 walikuwa na uzito uliozidi. Unene huo huku kwetu bado unasifiwa. Mama akinenepa baada ya ndoa, mume ndiye anayepongezwa.

Uhusiano wa unene na sirosisi isiyo na chanzo haukugunduliwa kwa siku moja. Mwaka 1980 Jürgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 20 ambao maini yao chini ya darubini yalifanana kabisa na ya walevi, ilhali hawakuwa watu wa pombe. Wengi walikuwa wanene, baadhi wakiwa na kisukari. Mwaka 1990 madaktari wa Australia walichapisha habari za wagonjwa 42 wa ini la mafuta waliofuatiliwa, wengine kwa miaka mingi, na humo kukajitokeza jambo geni: ini lililoanza likiwa limejaa mafuta lilipofika kwenye sirosisi, mafuta yalikuwa yametoweka. Kisha mwaka 1999 kundi la madaktari wa Virginia, Marekani, likawapitia wagonjwa 70 wenye sirosisi isiyojulikana chanzo, likakuta karibu robo tatu yao walikuwa wanene au wenye kisukari au vyote viwili, kiwango kilichozidi cha wenye sirosisi ya homa ya ini C.

Hapo mtu makini ana haki ya kupinga. Sirosisi yenyewe huvuruga sukari; ini bovu linaweza kumletea mtu kisukari ambacho hakuwa nacho. Tutajuaje kipi kilitangulia? Jibu lililonishawishi mimi lilitoka kwa waliopandikizwa ini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilionekana kwamba watu waliopewa ini jipya kwa sababu ya sirosisi isiyojulikana chanzo, wengi wao walilijaza mafuta ini hilo lililotoka kwa mtu mwingine. Ini lilibadilishwa, mwili ulioliharibu la kwanza ukabaki vile vile.

Kwa nini basi mafuta hupotea? Fikiria jiko lililopikiwa tangu jana. Ukifika leo unakuta majivu, na ukitafuta kuni huzioni, lakini huwezi kusema hapakuwa na kuni. Ini lenye makovu hupitwa na damu ya matumboni, ambayo sasa hukata njia za pembeni, kwa hiyo insulini inayolifikia hupungua. Kuta za mishipa yake midogo huwa nene na kuzuia mafuta kuingia. Homoni moja ya seli za mafuta, adiponektini, hupanda katika sirosisi, nayo husaidia kuyachoma yaliyobaki. Daktari akikata kipande cha ini wakati huo ataona kovu tupu.

Ila lililo gumu zaidi, na ambalo sisikii likisemwa vya kutosha, ni kwamba si mafuta ya ini peke yake yanayofutika. Hata sindromu yenyewe hufutika. Katika sirosisi iliyokomaa mishipa ya damu hulegea, presha ikashuka, na mama aliyemeza dawa za presha miaka kumi huambiwa sasa hazihitaji. Kolesteroli hutengenezwa kwa sehemu kubwa na ini; ini likichoka, nayo hushuka. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu hudanganya kuelekea chini, kwa sababu chembe nyekundu za damu haziishi muda wake wa kawaida pale bandama ilipovimba. Misuli huyeyuka, mashavu huingia ndani, mikono hubaki kama ya mtoto. Uzito kwenye mizani ni maji ya tumboni. Daktari kijana anayempokea usiku huo anaona mgonjwa mwembamba, presha 100 kwa 60, sukari ya wastani. Atafikiriaje unene?

Atafikiri akiuliza kuhusu zamani. Chukua mfano wa kubuni, mama wa miaka 58 aliyekuwa akiuza nguo Kibuye.

"Mama, miaka kumi iliyopita ulikuwa na mwili gani?"

"Daktari, nilikuwa mnene kabisa. Gauni nililovaa arusi ya kijana wangu, sasa tunaingia wawili."

"Na sukari?"

"Ya sukari niliambiwa zamani, nikapewa tembe. Nilipokonda ikaisha yenyewe, nikaacha."

Majibu hayo mawili yana uzito kuliko picha ya leo ya ultrasaundi. Ndiyo maana binti anayemleta mama yake hospitalini angefanya vyema kubeba kadi zote za zamani, hata zile zilizoliwa na mende, na picha moja ya arusi hiyo.

Hata hivyo sitaki tuhame kutoka kosa moja hadi lingine. Kuna mtindo sasa wa kumwona mgonjwa mwenye kitambi na kuacha kutafuta zaidi, na huku magharibi mwa Kenya kutafuta zaidi ni lazima. Ziwa letu la Victoria lina kichocho cha tumbo. Watu wanaosimama majini kila siku, waosha magari wa ufukweni Kisumu, wachimba mchanga, wavuvi, wamechunguzwa kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Mayai ya mdudu wa kichocho hukwama kwenye mishipa ya ini na kuizungushia kovu, na mgonjwa hutapika damu akiwa na bandama kubwa kama mwenye sirosisi. Tofauti ni kwamba seli za ini lake mara nyingi bado zinafanya kazi vizuri, na mpimaji mzoefu wa ultrasaundi huona kovu limeifuata mishipa. Mtu huyu hajaharibiwa na chai ya sukari.

Homa ya ini B nayo haijatuacha. Chanjo yake iliingia katika chanjo za watoto wachanga mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo, yaani karibu wote wanaoumwa sirosisi leo, hawakuipata utotoni. Kipimo kimoja kilichofanywa miaka iliyopita hakitoshi kumtoa mtu. Dawa za zamani za virusi vya ukimwi, hasa didanosini, ziliwaachia baadhi ya watu matatizo ya mishipa ya ini, na dolutegraviri inayotumika sasa, dawa nzuri mno kwa kazi yake, huwaongezea wengine uzito. Katika kaunti za Nyanza hilo huwezi kuliruka. Tena kuna ugonjwa wa kinga ya mwili kulishambulia ini, ambao ukipoa huacha makovu bila dalili nyingine, na kuna mitishamba inayonywewa kwa lita na hakuna anayeitaja mbele ya daktari.

Pombe nayo haigawanyiki kuwa ndiyo au hapana. Mwaka 2023 wataalamu wa ini duniani walibadilisha mpangilio wa magonjwa haya. Hapo awali ini la mafuta lilitambuliwa kwa kitu ambacho mgonjwa hafanyi, yaani kunywa. Sasa linatambuliwa kwa alichonacho, mafuta pamoja na walau tatizo moja kati ya uzito, sukari, presha au mafuta ya damu. Wakaweka na kundi la katikati kwa mwenye matatizo hayo ambaye pia anakunywa gramu 20 hadi 50 za pombe kwa siku akiwa mwanamke, 30 hadi 60 akiwa mwanamume. Chupa ya bia ya nusu lita ina kama gramu 16. Kwa hiyo mzee mwenye kitambi na kisukari anayeshusha chupa mbili au tatu kila jioni ana vitu viwili vinavyolila ini lake kwa wakati mmoja, na kila kimoja humsaidia mwenzake. Chang'aa siipigii hesabu kabisa, maana hakuna anayejua nguvu ya iliyomo kwenye glasi yake.

Kuna la kuongeza kuhusu sisi kama Waafrika. Katika uchunguzi mkubwa wa Dallas uliochapishwa mwaka 2004, mafuta ya ini yalionekana kwa asilimia 45 ya watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, 33 ya Wazungu na 24 ya Wamarekani weusi, ingawa Wamarekani weusi hawakupungukiwa unene wala kisukari. Baadaye, mwaka 2008, sehemu ya tofauti hiyo ilihusishwa na jeni moja, PNPLA3. Mtu mweusi wa Dallas si Mluo wa Ahero wala Mluhya wa Butere, lakini takwimu hiyo inatosha kutuzuia tusibandike kila sirosisi isiyoeleweka jina la mafuta kwa kuwa Marekani wamefanya hivyo. Inabidi tuulize mgonjwa kwa mgonjwa.

Wakati wa kuuliza ni mapema, kabla makovu hayajalifunga ini. Ini la mafuta haliumi. Vimeng'enya vyake, kemikali za ini zinazopimwa kwenye damu, vinaweza kuwa vya kawaida hata makovu yakiendelea. Mwendo wake ni wa polepole: penye uvimbe wa seli, hatua moja ya kovu huchukua wastani wa miaka 7, pasipo uvimbe, kama 14. Hatua ziko nne, na ya nne ndiyo sirosisi. Kliniki ya kisukari inayomwona mtu kila mwezi au miezi mitatu ina miaka mingi ya kumnasa.

Chombo cha kumnasia hakihitaji mashine mpya. Kinaitwa FIB-4, na kinatumia vitu vinne: umri, vimeng'enya viwili vya ini, AST na ALT, na idadi ya chembe za kugandisha damu, kwa maelfu katika kila mikrolita. Zidisha umri kwa AST. Gawanya kwa chembe hizo zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT. Chini ya 1.3 hatari ni ndogo, juu ya 2.67 ni kubwa, na kwa waliopita miaka 65 kiwango cha chini hupandishwa hadi 2. Yule mama wetu wa Kibuye tumpe AST 62, ALT 41, chembe 110: anapata 5.1. Akiwa na miaka 48, tuseme AST yake ilikuwa 38, ALT 45, chembe 190: anapata 1.4. Majibu ya namna hiyo yangepita mezani bila mtu kuinua macho, kwani kila namba peke yake haitishi. Zikiwekwa pamoja zilitosha kumtuma akapimwe ugumu wa ini kwa mashine ya mawimbi.

Angeambiwa nini wakati huo? Apunguze uzito, na hapa kipimo kinajulikana. Utafiti wa Cuba wa mwaka 2015 uliwafuatilia watu 293 kwa mwaka mmoja wa kubadilisha chakula na mazoezi. Waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi, 9 kati ya 10 uvimbe wa ini uliisha, na kwa asilimia 45 yao kovu lenyewe lilirudi nyuma. Ni wachache waliofika huko, na hilo lisemwe. Kahawa imehusishwa katika tafiti nyingi na makovu machache ya ini, kichekesho kwa nchi inayoiuza nje na kunywa chai. Dawa mahususi zimeanza kuja: resmetiromu iliidhinishwa Marekani mwezi Machi 2024 kwa wenye makovu ya hatua ya pili na ya tatu, na semaglutidi ikafuata mwaka 2025. Hakuna kati ya hizo iliyoidhinishwa kwa aliyekwisha kupata sirosisi.

Kwa aliyefika, ushauri hugeuka, na hapa watu wengi huumizwa kwa nia njema. Mama mwenye maji tumboni asifungishwe kula eti apunguze mwili. Misuli yake ndiyo inayokwisha, kwa hiyo anahitaji protini, gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku: omena, mayai, maharagwe, ndengu, na kitu cha kula kabla ya kulala ili usiku usiwe mrefu bila chakula. Kinachopunguzwa ni chumvi. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa, zinazonunuliwa kwa maumivu ya magoti, ziachwe kabisa kwa sababu zinaweza kuziangusha figo zake. Umio wake uchunguzwe kwa kamera, mishipa iliyotutumka ifungwe kabla haijapasuka. Ini lake lipigwe ultrasaundi kila miezi sita kutafuta saratani, ambayo hutokea kwa sirosisi ya chanzo chochote.

Halafu daktari ambakishe binti. Utafiti wa California wa mwaka 2017 ulikuta kwamba ndugu wa karibu wa damu wa mtu mwenye sirosisi ya mafuta, yaani wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja, wana uwezekano mara 12 wa kuwa na makovu makubwa ya ini wakilinganishwa na watu wengine. Aliyemsindikiza mama apimwe kiuno, presha na sukari siku hiyo hiyo, na damu yake itolewe kwa ajili ya zile namba nne.